Miunganisho Kumi na Malka ya Hewani

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na mbili. Si kwamba nimechoka kiasi hicho, ingawa nimechoka. Mradi ulipopewa wasimamizi wapya, fomu ya kuondoka ilikuwa na visanduku vitatu tu vya kutia alama: amestaafu, amefukuzwa, amefariki. Niliuliza kama kuna cha nne. Karani akaniambia nichague kimoja, watu wanataka kwenda kula. Basi ni mstaafu. Nilipewa saa ya ukutani na leso, na mama yangu huko Kipini alicheka mpaka akakaa chini. "Wewe umestaafu? Mimi hata kupika sijastaafu."

Nawaandikia nyinyi wawili mtakaokalia viti vyetu pale Garsen. Mtakabidhiwa nenosiri na mchoro wa mfumo, na mchoro huo nimeuchora mimi kwa hiyo nauamini kidogo. Hamtaambiwa kwa nini mambo yako jinsi yalivyo. Mimi nilipofika sikuambiwa, na kuuliza kulinichosha kuliko kazi yenyewe.

Siku ya kwanza nilipanda ngazi za ofisi iliyo juu ya duka la dawa za mifugo, karibu na pale mabasi ya Lamu na Malindi yanaposimama. Harufu ya dawa ya kupe ilikuwa imetangulia kupanda. Buya ndiye aliyenipokea. Alikuwa mtu pekee aliyebaki akiijua programu yetu. Wenzake walioiandika walikuwa wameshatafuta kazi penye upepo. Alinipa kiti kilichoyumba, akanionyesha seva iliyokuwa ikinguruma chini ya meza, ikipepewa na feni ambayo sisi binadamu hatukuwa nayo.

"Hii inajizima na kujiwasha kila alfajiri," akasema. "Usiiguse."

"Kwa nini ijizime?"

"Ndivyo ilivyo."

"Nani aliamua?"

"Wee dada, umekuja kazini ama umekuja mahakamani?"

Hayo ndiyo yaliyokuwa mafunzo yangu ya kuanzia kazi. Hata hivyo Buya alikuwa mwalimu mzuri, mradi usimwulize chanzo cha jambo. Alinifundisha kusoma logi, daftari ambalo seva hujiandikia matukio yake, kuanzia chini kwenda juu. Alinifundisha pia kutomwambia mtu aliye shambani kwamba tatizo ni mtandao wake hata kama ni kweli, kwa sababu hawezi kuufanya lolote na wewe utakuwa umejipumzisha tu.

Programu yenyewe mtaifahamu. Imeandikwa kwa lugha ya Java, inafunguka kwenye simu, na kazi yake ni malka. Kwa mgeni, malka ni njia ya mifugo kupita katikati ya mashamba ili kwenda kunywa mtoni. Mvua ikiwepo hakuna anayeikumbuka. Kiangazi kikishika, mabwawa ya bara yanakauka, makundi yanashuka kuelekea Tana, na kati ya ng'ombe na maji kuna mahindi ya mtu. Kila malka ina karani wa wakulima na karani wa wafugaji. Mmoja wao anafungua ukurasa wa mazungumzo, wanapatana: kundi la nani, ukubwa gani, saa ngapi, wachungaji wangapi. Wakishabonyeza Thibitisha wote wawili, ujumbe unakwenda kwenye simu za wenye mashamba na za wenye mifugo. Bila ujumbe, hakuna mnyama anayepita. Hiyo ndiyo kanuni waliyokubaliana wenyewe, baada ya miaka ambayo sitaisimulia hapa. Waliokuwepo wanaijua.

Nilikuta programu nzito kama mkokoteni mchangani. Sababu haikuwa ngumu kuipata. Seva yetu ilikuwa Garsen, hifadhidata ilikuwa Hola, na kila mtu alipogusa ukurasa wowote programu ilifungua muunganisho mpya kwenda Hola: ibishe hodi, ijitambulishe, ihakikiwe, ndipo iulize swali lake dogo na kuondoka. Salamu zilikuwa ndefu kuliko shida iliyompeleka.

Nikaweka hodhi la miunganisho. Wazo lake ni jepesi. Programu inapowaka, inafungua miunganisho michache mapema na kuiweka tayari. Ukurasa ukihitaji hifadhidata, unaazima mmoja, unauliza, unaurudisha hodhini bila kuufunga. Mwingine anauchukua ungali na joto. Buya alitaka tuweke mia.

"Mia ya nini?" nikamwuliza. "Hifadhidata ya Hola tunaigawana na ofisi nyingine. Na mashine yao ina uwezo wa kushughulikia maswali machache tu kwa wakati mmoja. Wengine wote watakuwa wamesimama ndani badala ya kusimama nje."

"Ndani kuna kivuli," Buya akasema. Lakini akaniacha niweke kumi.

Kurasa zikawa zinafunguka kabla hujainua kidole. Makarani walipiga simu kushukuru, jambo ambalo halikujirudia tena kwa miaka yote niliyokuwa pale. Ulikuwa msimu wa mvua. Mazungumzo ya malka yalikuwa mawili matatu kwa juma. Sikujua kwamba nilikuwa nimejaribu mtumbwi nchi kavu.

Kiangazi kilipokuja, programu ikawa nzuri asubuhi na mfu ifikapo adhuhuri. Miunganisho yote kumi ilikuwa imeazimwa, hakuna hata mmoja uliorudi, na maombi mengine yalipanga foleni mpaka muda wa kusubiri ukaisha na watu wakapata kosa. Buya aliamua dawa bila kuniuliza. Akapandisha hodhi hadi mia. Hifadhidata ikaanza kukataa wageni, ofisi nyingine zikapiga simu kutoka Hola kwa sauti ambayo haikuhitaji spika. Akarudisha kumi, na akaongeza kuzima na kuwasha adhuhuri, juu ya kule kwa alfajiri.

"Si sasa inafanya kazi?" akasema.

Ilifanya kazi kama mtu anayezimia na kumwagiwa maji.

Nikawasha kipimo cha uvujaji. Kiwasheni na nyinyi, msikizime kamwe. Muunganisho ukikaa nje ya hodhi kupita muda uliopangwa, kinaandika onyo na kutaja ni sehemu gani ya msimbo iliyouazima. Maonyo yote yalitoka mahali pamoja: ukurasa wa mazungumzo. Walioandika programu walitaka watu wawili wasibadilishe malka moja kwa wakati mmoja. Kwa hiyo ukurasa ulipofunguliwa, programu iliazima muunganisho, ikaanza muamala, yaani maandishi yasiyohesabika mpaka yathibitishwe, ikaitia malka hiyo kufuli, na kuushikilia muunganisho huohuo mpaka pande zote mbili zibonyeze Thibitisha. Waliandika wakidhani kubonyeza ni jambo la sekunde mbili. Chuoni hata mimi ningedhani hivyo.

Lakini kwa nini ichukue nusu siku? Nilikuwa nikilitafakari hilo Habona aliponipigia simu.

Habona alikuwa karani wa wakulima katika kijiji cha Hewani, kando ya mto. Mwanamke wa makamo, mkulima, aliyesoma mpaka pale ada ilipokoma, na mtu pekee aliyewahi kuniuliza maswali mengi kuliko ninayouliza mimi.

"Mwanangu," akasema, "nataka unieleze. Jioni nimekubaliana na Galgalo, karani mwenzangu wa wafugaji, tumeandika kila kitu, imebaki yeye kubonyeza asubuhi. Asubuhi nafungua, ukurasa mweupe. Nampigia, ananiambia ni mimi niliyefuta. Mara ya tatu sasa. Wazee wangu wanasema wafugaji wanageuka maneno. Wa kwake wanasema sisi ndio tunageuka. Nani anafuta?"

Nilitazama chini ya meza, kwenye ile seva inayojizima kila alfajiri. Muamala usiothibitishwa, seva ikizimwa, hifadhidata inautupa wote kana kwamba hakuna neno lililosemwa. Kwetu lilikuwa jambo la usafi. Kando ya mto, kila alfajiri mtu mmoja alikuwa akionekana mwongo.

Nikamwambia ukweli. Nikasikia jogoo wake akiwika.

"Basi sikiliza," akasema. "Leo naanza tena na Galgalo, ng'ombe wake wako nyuma ya mahindi na ndama wameanza kulala chini kwa kiu. Nyumbani kwangu wameapa: ukurasa ukiwa mweupe tena, wanaiziba malka kwa miiba. Na ikizibwa haitazibuliwa na karani. Ukizima leo, nitaweka wapi uso wangu?"

Nikaondoa amri ya kuzima, ya alfajiri na ya adhuhuri. Buya alinitazama kama mtu anayetazama jirani akichoma makuti ya paa lake mwenyewe.

Siku ya pili, kabla ya adhuhuri, hodhi lilikuwa limejaa. Galgalo akapiga simu. Ni karani wa wafugaji, kijana wa kuongea haraka, Kiswahili chake cha sokoni.

"Dada, hii duara yako inazunguka tu. Mimi nimebonyeza. Habona amebonyeza. Inazunguka. Ng'ombe inaona maji, maji inaona ng'ombe, wewe unatuzungushia duara."

Nikafungua logi na kuona kilichokuwa kikitokea, na nikacheka kicheko kibaya. Kila ombi lililofika lilihitaji kwanza kuazima muunganisho ili kuhakikisha huyu ni nani. Thibitisha nayo ni ombi. Kwa hiyo aliyeshika muunganisho mmoja alihitaji wa pili ili aweze kuurudisha wa kwanza. Watu kumi walikuwa wameshika kumi yote, na kila mmoja akisubiri mwenzake aachie. Hakuna ambaye angeachia mpaka kiama.

"Zima, washa," Buya akasema. "Dakika moja tu."

"Nikizima, mazungumzo yote kumi yanafutika. La Hewani na mengine tisa nisiyoyajua ni ya nani."

"Basi tuma ujumbe kwa mkono. Namba ya ofisi tunayo. Andika malka imekubaliwa, tuma. Nani atajua?"

Nitakuwa mwongo nikisema sikulifikiria. Nilichukua simu ya ofisi, nikashuka, nikapanda pikipiki kwenda Hewani.

Niliwakuta chini ya kibanda cha makuti pembeni mwa shamba, Habona, Galgalo na wazee wachache wa kila upande. Simu ya Habona ilikuwa imesimamishwa juu ya kigoda katikati yao, imeunganishwa na betri ya sola ili isizime, ukurasa wa mazungumzo uko wazi, duara linazunguka. Nyuma yao mahindi yalikuwa yamefika magotini, na nyuma ya mahindi vumbi, pembe, na mlio wa ng'ombe ambao sitaueleza.

Nikauliza swali langu. "Kabla ya kubonyeza, ukurasa huu ulikaa wazi muda gani?"

"Tangu jana walipofika," Habona akasema.

"Kwa nini hukuufunga, ukaufungua mkishamaliza?"

Alinishangaa. "Nimfungie mgeni ukurasa usoni, naye hajamaliza maneno yake?"

"Yeye akifunga," Galgalo akasema, "mimi naelewa amekataa. Mimi nikifunga, yeye anaelewa nimekasirika. Sasa nani afunge?"

Mzee mmoja wa upande wa Galgalo akaongeza kitu kwa Kiorma, wakacheka wote, hata wa Habona. Galgalo akanitafsiria: "Anasema huko chuoni mnasalimiana na mlango umefungwa."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, kutoka Kinakomba, huko juu mtoni, hadi kwetu chini. Wanaulizana hali, mvua, wagonjwa, waliokufa, ndipo waje kwenye ng'ombe. Na muda wote huo ukurasa uko wazi katikati yao, kwa heshima, na kila ukurasa umeshika mmoja wa miunganisho yangu kumi.

Niliwaeleza nilichoweza. Kwamba hakuna aliyefuta neno la mwenzake, ilikuwa mashine ya Garsen. Wakanisikiliza. Sikuona aliyefurahi, watu waliokwisha kutukanana hawafurahii kuambiwa hapakuwa na sababu. Kisha nikamvuta Habona kando, nikamwambia ninaweza kutuma ujumbe kwa mkono, kwa namba ileile.

"Utakuwa wa kweli?"

"Maneno yake yatakuwa ya kweli. Mmekubaliana."

"Lakini mashine haijasema."

"Haijasema."

"Basi usitume." Alikuwa akiitazama ile simu ya ofisi mkononi mwangu. "Leo utatuma kwa sababu una huruma. Kesho atatuma mwingine kwa sababu ana jambo lake. Nitawezaje kuwaambia watu wangu waamini ujumbe?"

"Na ng'ombe?"

Alirudi pale kibandani akawaambia wazee wake kwa Kipokomo, halafu akarudia kwa Kiswahili ili upande wa pili usikie: "Ujumbe haukuja. Kanuni imevunjika na aliyeivunja ni mimi, si Galgalo. Ng'ombe watapita kwa neno langu."

"Neno lako ni la kamati ya wakulima," mzee mmoja wa kwake akasema. "Si lako."

"Najua."

"Unajua maana yake?"

"Nimesema najua, baba."

Alikwenda kusimama ukingoni mwa mahindi, ambayo upande ule yalikuwa ya kwake, akafunga leso kiunoni. Galgalo hakupitisha kundi lote. Alishusha ng'ombe kwa mafungu, fungu moja likipanda ndipo lingine linashuka, kwa sababu njia ile ni nyembamba na ufuko wake ni mdogo. Mambo yalikwenda vizuri mpaka dume moja jekundu lilipomaliza kunywa na kukataa kutoka. Likasimama majini limeridhika, likiziba njia, huku nyuma yake wenye kiu wakisukumana kuelekea mahindi. Watu walilitukana kwa lugha zote za mto. Nilikuwa nimesomea uvujaji wa miunganisho kwa miaka minne, na nilichoweza kufanya ni kulirushia kiatu.

Lilitoka. Mahindi ya Habona yalikanyagwa ukanda mwembamba, si zaidi. Ndama wawili hawakufika mtoni.

Nilirudi Garsen nikamwambia Buya tunaandika upya ukurasa wa mazungumzo. Hakubisha. Ilituchukua sehemu kubwa ya kiangazi kile, na kwa muda huo nilikuwa nikiua muunganisho mmojammoja kwa mkono, baada ya kuwapigia makarani wote simu kujua ni mazungumzo ya nani na yameandikwa nini.

Mtakaloona kwenye msimbo sasa ni hili. Ukurasa ukifunguliwa, programu inaazima muunganisho, inasoma, inaurudisha papo hapo. Msimbo umeandikwa kwa namna ambayo Java yenyewe inaurudisha hata kosa likitokea katikati. Msiandike kwa namna nyingine yoyote. Kila neno wanalokubaliana linahifadhiwa mara linapoandikwa, likiwa na alama ya rasimu, kwa hiyo seva ikifa, maneno hayafi. Hakuna kufuli. Badala yake kila malka ina namba ya toleo. Anayebonyeza Thibitisha akikuta namba imebadilika tangu aliposoma, anaambiwa atazame upya. Na hakuna ombi linaloshika miunganisho miwili. Hodhi bado ni kumi. Mtu akiwashauri muweke mia, mwulizeni mia ya nini.

Buya ndiye aliyeongeza jambo ambalo mimi nisingelikumbuka. Juu ya ukurasa aliweka mstari wa kijani unaosema mazungumzo yanaendelea, na mstari huo unakaa hata siku tatu, simu ikizimwa, chaji ikiisha, mtu akienda kulala. Haushiki chochote. Ni maandishi tu. "Si wanataka mlango uwe wazi?" akasema. "Tuwape mlango." Tangu hapo sikumtania tena kuhusu kivuli.

Mfumo haujasimama kiangazi chochote tangu wakati ule. Hayo ndiyo yaliyosemwa siku ya kuniaga, pamoja na mengine ambayo sikuyasikia kwa ajili ya feni, maana hatimaye tulinunuliwa feni.

Hawakusema habari za Habona. Kamati yake ilikaa na kumwondoa ukarani. Nilikwenda kumtetea, nikaeleza kosa lilikuwa letu, wakanisikiliza kwa adabu na kunipa chai. Walisema wanajua. Walisema kwamba aliwaokoa, na kwamba karani anayepitisha ng'ombe bila ujumbe hawezi kubaki karani. Nilibishana mpaka chai ikapoa. Habona mwenyewe alinisindikiza hadi kwenye pikipiki. "Wewe unapenda kuuliza," akaniambia. "Hili usiliulize. Wangeniacha, ningewashangaa." Sikukubaliana naye wakati ule. Bado sijakubaliana naye.

Sasa neno la mwisho, na hili ni la kazi. Kwenye ripoti za mwezi mtaona kitu cha ajabu pale Hewani. Pande zote zimethibitisha, ujumbe umekwenda bila kuchelewa, lakini mifugo haiingii malka kwa wakati. Inachelewa kila mara, na katika malka hiyo tu. Karani mpya analalamika, na wasimamizi wapya watawaambia mtafute hitilafu.

Mimi niliitafuta. Nilikwenda mwenyewe. Ujumbe ukishaingia, Galgalo anausoma, anautia mfukoni, anamtuma mtu avuke mahindi mpaka kwa Habona kumwuliza hali, mvua, wagonjwa. Ng'ombe wanasubiri. Mtu akirudi na kusema amesalimiwa, ndipo fungu la kwanza linashuka.

Hilo msilitengeneze.